Mlango wa nyuma: shajara ya ukumbi wetu wa Majengo

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo tumepewa ufunguo. Nyanya mwenye ghala aliufungua kutoka kwenye pindo la kanga yake, akaushika kidogo kama anayepima uzito wake, kisha akanitia mkononi. "Mjukuu wangu, ghala hili limenyamaza tangu babu yako afariki. Nataka nikilala kule ndani nisikie watu."

Ghala liko hapa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, upande wa kushukia soko la Gikomba. Ni mita 12 kwa 7. Kuta ni za mawe, mabati yameshika kutu, simiti ya sakafu ina nyufa, na dirisha ni moja tu. Zamani yalikuwa yakiwekwa magunia ya maharagwe, na ukisimama kwenye pembe ya kushoto harufu yake bado unaipata.

Naandika shajara hii kwa sababu mara ya kwanza hatukuandika chochote. Kibanda chetu cha zamani kilikuwa kando ya Mto Nairobi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalikibeba pamoja na ngoma nne, cherehani mbili na michoro ya miaka mitatu. Maji yalipopungua hatukuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba pale palikuwa na watu wanaofanya kazi. Tangu hapo vijana wa ngoma wanafanyia mazoezi kwenye uchochoro, na akina dada wa ushonaji wako kibarazani kwa mmoja wao, mvua ikinyesha wanakunja.

Tunachotaka ni mahali pamoja pa kushona, kuchora, kupiga ngoma, kusoma mashairi na kuchonga, ambapo mtu wa mtaa huu anaingia bila kuulizwa ni mtoto wa nani.

Jumapili, 19 Januari

Kikao cha kwanza. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, sisi tuko 14, kwa hiyo hapo hakuna tatizo. Mjadala mrefu ulikuwa juu ya mkataba na Nyanya. Wengine waliona aibu kumwandikisha mtu mzima aliyetupa kitu kwa mapenzi yake. Mimi nilishikilia kwamba tuandikiane, na sababu yangu haikuwa kumshuku.

Mtaa huu umejengwa na watu waliohamishwa. Majengo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa amri ya serikali ya kikoloni iliyotaka Waafrika wakae mahali pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kikabomolewa na watu wake wakaletwa Shauri Moyo, hapa jirani. Mamake Nyanya alitoka Pangani. Nilipomweleza kwamba nimeona vikundi vikitengeneza jengo bovu mpaka linang'aa, halafu mwenye jengo au warithi wake wakalitaka siku ya pili, alinikatiza: "Andikeni. Mamangu angekuwa na karatasi nisingezaliwa Majengo."

Tumeandika miaka mitano. Mwaka wa kwanza hatulipi kodi, sisi ndio tunaotengeneza. Baada ya hapo kuna kodi tuliyokubaliana, na imeandikwa. Wanawe wawili wametia sahihi pamoja naye, mbele ya mzee wa mtaa.

Jumamosi, 1 Februari

Leo tumepima, na kipimo kimoja kimetugeuza mpango mzima.

Mlango wa mbele uko juu ya njia kwa sentimita 43. Kaka yetu fundi wa simu anatumia kiti cha magurudumu. Katika kibanda cha zamani tulikuwa tunambeba, watu wawili huku na huku, na sote tulikuwa tukijiona wema. Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema alivyokuwa anahisi. "Nilikuwa sinywi chai mkinipa," alisema, "kwa sababu nikitaka kwenda haja lazima niombe mabega ya watu tena." Nimefanya naye kazi miaka mitatu na sikuwa najua.

Mteremko wa kiti cha magurudumu unatakiwa uwe 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa sentimita 43 unahitaji zaidi ya mita 5. Njia ya mbele ina upana wa mita 2, na mikokoteni ya kwenda Gikomba inapita hapo tangu alfajiri. Fundi alipendekeza tufanye mteremko mkali zaidi, "atasukumwa tu." Hapana. Mteremko wa kusukumwa ni kubebwa kwa namna nyingine.

Tulizunguka nyuma. Kule ardhi imeinuka: mlango wa uani uko juu kwa sentimita 16 tu, mteremko wa mita 2 unatosha, na uwanja upo. Mtu akasema basi yeye ataingilia nyuma, sisi mbele. Dada mshonaji, ambaye huwa hasemi sana vikaoni, akauliza: "Kwa nini yeye peke yake?"

Palikuwa kimya kidogo. Halafu tukakubaliana kwamba sote tutaingilia nyuma. Mlango wa uani ndio mlango wa ukumbi, na kibao kitawekwa huko. Mlango wa mbele utabaki wa dharura, ufunguke kwa kusukuma nje. Choo nacho, mlango wa sentimita 90, na ufungukie nje ili mtu akiingia na kiti asikwame.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Nilikuwa nimeisoma. Kuisoma na kupima kizingiti kwa futi ya chuma ni mambo mawili.

Jumanne, 18 Februari

Tumetembea hadi Kaloleni kuangalia maktaba ya mtaa, moja ya maktaba tatu za jiji ambazo shirika la Book Bunk limekuwa likizifufua pamoja na kaunti. Angela Wachuka na Wanjiru Koinange walianzisha shirika hilo mwaka 2017. Maktaba nyingine ni ya Makadara na McMillan kule katikati ya mji, ile yenye nguzo kubwa iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Nilichokwenda kuangalia ni namna watoto wanavyoingia, zaidi ya rangi ya kuta. Wanaingia kama kwao. Dada yetu mmoja alikaa karibu saa nzima akiangalia tu urefu wa meza.

Tulizungumza pia njiani juu ya GoDown, kituo cha sanaa cha barabara ya Dunga kilichoanza mwaka 2003 ndani ya ghala la Industrial Area, na jinsi wasanii wengi wa Nairobi walivyopata hapo chumba cha kwanza cha kufanyia kazi. Vijana walipata moyo kusikia kwamba wao pia walianzia kwenye ghala. Mimi nilibaki na wazo jingine: msichana wa Majengo mwenye umri wa miaka 13 hatapanda matatu kwenda Industrial Area jioni. Ndiyo maana mtaa unahitaji chake, hata kiwe kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani. Mafundi wanaofunga wanaanza alfajiri na kuacha saa sita, wengine wanakuja baada ya tarawehe. Mteremko umemwagwa zege. Tumeuchana kwa ufagio kabla haujakauka ili usiteleze wakati wa mvua. Mzee aliyejitolea kumwagilia maji kila asubuhi hajakosa hata siku moja, na amefunga.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya masika imefika na paa limeonyesha matundu yake yote, nimehesabu 19. Tulikuwa na pesa za kununua mabati mapya nusu ya paa. Tuligawanya: mabati sita mapya ya geji 28 pale palipooza kabisa, kwingine kuziba, na pesa iliyobaki tukanunua mifereji na tangi la lita 2,000 lililotumika.

Hesabu ya maji ya paa ni rahisi na kila mtu anapaswa kuijua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 84 hivi, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inatupa zaidi ya lita 1,600 kabla ya kutoa kinachomwagika. Maji ya kwanza yanaosha kutu na kinyesi cha ndege, hayo tunayaacha yapite kwenye bomba la pembeni lenye kizibo. Yanayofuata yanaingia tangini. Si ya kunywa. Ni ya choo, ya kuoshea brashi na ya miche ya sukumawiki ambayo Nyanya ameipanda bila kutuuliza, na ni haki yake.

Jumamosi, 26 Aprili

Wiki tatu zilizopita nisingeamini kwamba jambo litakalonikosesha usingizi ni mwangwi.

Ghala la mawe na mabati ni chombo cha kelele. Ngoma moja ikipigwa unaisikia mara tatu, na mtu akisoma shairi maneno yanagongana. Kuna vijana wawili viziwi katika kikundi chetu, na kuna mzee anayesikia kwa kifaa cha sikioni. Kwa wale wawili mwangwi si kitu, lakini kwa mzee kifaa kinakuza kila kinachorudi ukutani, akakivua na kukaa bila kusikia lolote. Majirani nao wana haki yao. Kuna kanuni za kelele za 2009, ila hata zisingekuwepo, upande wa pili wa ukuta kuna mtoto mchanga.

Nilijifunza kwamba haya ni matatizo mawili, na dawa zake ni tofauti. Vitu laini na vinene vinameza mwangwi wa ndani. Havizuii sauti ya ndani isifike nje. Kinachozuia sauti kutoka ni uzito na kutokuwa na upenyo: ukuta wa mawe unafanya kazi hiyo vizuri, ila dirisha na pengo kati ya ukuta na mabati vinaivujisha yote. Kwa hiyo pengo tuliliziba kwa matofali na lipu, tukiacha matundu ya hewa upande wa uani, na dirisha tukaliwekea kifuniko kizito cha mbao cha kufunga wakati wa ngoma.

Kwa mwangwi tulikwenda Gikomba, na hapa ndipo mtaa ulipotufaa. Wenye mbao walitupa mabanzi na vipande vilivyobaki, tukaunda fremu 22 za sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10. Wauza mitumba walitupa fagia, zile nguo za mwisho kabisa baada ya kamera, yaani daraja la kwanza, na daraja la pili kuchaguliwa: makoti yaliyochanika, blanketi zenye matundu, sweta zisizonunuliwa na mtu. Gunia tisa. Nyingi zingeishia kutupwa au kuchomwa kando ya mto. Tulizifua, tukazijaza kwenye fremu bila kuzishindilia, na kuzitundika sentimita tano mbali na ukuta, kwa sababu nafasi ile ya hewa inasaidia kumeza sauti nzito za ngoma.

Kitambaa cha kufunika kinatakiwa kiwe chepesi kinachopitisha hewa. Akina mama wa mtaa walileta kanga zao kuukuu. Sikuomba kanga, niliomba kitambaa chochote. Sasa kuta zetu zina misemo 22, kila mmoja umevaliwa na mtu tunayemjua, na mama mmoja alikuja jioni kusimama mbele ya kanga aliyofungiwa nayo mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa yuko darasa la ngoma.

Kuna jambo lililonitia hofu. Nguo nyingi ukutani, mbao, nyaya za stima. Sisi ni watu wa Gikomba, moto tunaujua. Ule wa Juni 2018 uliua watu 15. Wahunzi wa jua kali wa Kamukunji wanatumia boraksi kuunganishia shaba. Boraksi ikiyeyushwa kwenye maji na nguo ikaloweshwa humo na kukaushwa, haishiki moto upesi. Tulijaribu uani vipande viwili vya blanketi moja. Kisichotiwa boraksi kiliwaka mpaka mwisho. Kilicholoweshwa kilifanya weusi, kikazimika chenyewe. Tulilowesha zote, tukatenga soketi umbali wa mita moja kutoka kwenye kila fremu, tukanunua kizima moto kimoja na kuweka ndoo mbili za mchanga. Wasioamini nawaelewa, nami bado nakagua kila jioni.

Jumatano, 14 Mei

Kampuni moja imetaka kutupa pesa za kutosha kumaliza kila kitu: sakafu, taa, umeme wa jua. Masharti yao ni ukuta wote wa nje uwe rangi zao na nembo yao, na ukumbi uwe wao kila Ijumaa na Jumamosi kwa mwaka mzima. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku ambazo watoto na wafanyakazi wana nafasi.

Tulipiga kura kwa kuinua mikono, 11 kwa 3. Tumekataa. Wale watatu hawakuwa na nia mbaya, mmoja wao ndiye aliyekuwa akilipa tokeni za stima kutoka mfukoni mwake tangu Februari, na amechoka. Kukataa pesa bila kumpunguzia yeye mzigo ni ukatili. Kwa hiyo tumeanzisha sanduku la stima: anayetumia cherehani ya umeme au kipaza sauti kwa kazi ya kulipwa anatia shilingi 50 kwa saa, mwenye harusi anayekodisha ukumbi analipa, anayejifunza halipi. Hesabu inabandikwa mlangoni kila Jumatatu, kila mtu aione.

Jumamosi, 31 Mei

Wiki ya nne tangu tuanze vipindi, na leo nimekaa na daftari la mahudhurio. Vijana wa kiume 38. Wasichana 5.

Ukumbi una mteremko, una choo safi, una kanga ukutani, na wasichana ni watano. Nilikuwa tayari kusema wazazi wanawakataza. Dada mshonaji aliniambia niende nikaulize badala ya kusema. Nimekwenda nyumba kumi na moja. Hakuna mzazi hata mmoja aliyekataza. Vipindi vilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa hiyo msichana anachota maji, anamshika mdogo wake, anawasha jiko. Na kipindi cha Jumamosi asubuhi kinagongana na madrasa. Mimi ndiye niliyepanga ratiba, kwa saa zinazonifaa mimi.

Tumebadilisha. Jumamosi na Jumapili saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Anayekuja na mdogo wake, aje naye: pembe ile ya harufu ya maharagwe imepewa mkeka na vitu vya kuchezea, na mama wawili wanapokezana pale. Taa imewekwa kwenye uchochoro kutoka mlangoni mpaka barabarani.

Pia tumepanga viti kwa duara badala ya safu. Vijana wetu viziwi wanahitaji kuona mikono na nyuso za wote, na taa isitoke nyuma ya msemaji. Mmoja wao, mchoraji hodari kuliko sisi sote, ndiye anayefundisha uchoraji sasa, kwa lugha ya ishara, na wanaosikia ndio wanaojifunza kumfuata.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Barabara za kuingia mjini zimefungwa na ukumbi tumeufunga. Wazee wanakumbuka ile ya 1990, ya maandamano ya kudai vyama vingi, na uwanja wa Kamukunji uliopo hapo karibu tu. Nimewapigia simu wazazi wote wa watoto wa ngoma. Wote wako nyumbani.

Jumamosi, 19 Julai

Nimechelewa leo. Nilikuwa Machakos kwa msiba na gari lilikwama. Nilipofika saa tisa, watoto zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa kwenye mteremko juani, na kaka fundi wa simu kwenye kiti chake mbele yao. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Miezi sita nilikuwa nauita ukumbi wa jamii, na hakuna mtu wa jamii aliyeweza kuufungua nisipokuwepo. Nilifungua, nikaomba radhi kwa kila mmoja, na jioni nikaenda kuchonga funguo tatu. Mmoja wa dada mshonaji, mmoja wa mwalimu wa uchoraji, mmoja wa kaka fundi wa simu, ambaye kibanda chake kiko hatua thelathini kutoka hapa na yuko pale tangu asubuhi. Wangu nimemrudishia Nyanya, ameufunga tena kwenye pindo lake.

Jumapili, 10 Agosti

Harambee Stars na Morocco, Kasarani, kombe la CHAN. Vijana walitaka televisheni iwekwe ukumbini, saa tisa, katikati ya kipindi cha ushonaji. Walinipigia mimi simu. Niliwaambia ufunguo hauko kwangu, wamwone dada.

Sikuwepo walipozungumza, nimesimuliwa. Alisema wasichana 17 wana kitambaa mezani kilichokatwa tayari na hakitaondoka. Kisha akawapa waya mrefu waweke televisheni uani, chini ya upenu wa tangi la maji, na akasema cherehani zitasimama wakati wa mapumziko ya ushonaji tu, ili wasichana nao watazame.

Nilipofika bao lilikuwa limeshafungwa, moja bila. Uani watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mteremko, kaka fundi akiwa mbele kabisa, na ndani cherehani zilikuwa zinalia. Nyanya alikuwa ametolewa kiti. Hakujali mpira, alikuwa amegeukia mlango.

Daftari: waliohudhuria ndani 23, wasichana 17, wadogo zao mkekani 6. Tokeni za Julai shilingi 2,150, sanduku limelipa 1,900, zilizobaki tumechangishana. Bado sakafu, bado dirisha la pili, na bawaba ya mlango wa choo imelegea. Fundi anakuja Jumanne, dada ndiye atakayemfungulia.